Pumzi ya Kufikia Nyumbani

Wagonjwa wa Daktari Liao Chun-te hawakuwa wakifia hospitalini. Walikwenda kufia kwao.

Si kwamba alikuwa na mkono wa miujiza. Mkono wake ulikuwa mzuri, wa kutosha kwa hospitali ya mji mdogo mkoani Yunlin, na wapo waliokuwa wakitoka pwani kumfuata yeye tu. Lakini watu wa upande ule hawakubali kukata roho ugenini. Mtu hufia ukumbini kwake, mbele ya mbao zenye majina ya wahenga, miguu ikielekea mlangoni, ili wazee wake wampokee wakijua ni nani. Kwa hiyo madaktari wakishaishiwa la kufanya, ndugu husema neno moja tu, “Tunamrudisha.” Mgonjwa huondolewa kwenye mashine na kupakiwa ndani ya ambulensi na mrija wake kooni, na mtu hukaa pembeni akiminya puto la kumpumulisha njia nzima. Wakifika nyumbani mrija hutolewa, naye humaliza. Hospitali huandika kwamba ameruhusiwa kwa matakwa ya familia. Ametoka hai. Aliyekufa ni mtu wa kijiji fulani, kitandani kwake, mbali na kisu kilichompasua.

Yalikuwa mapatano mazuri kwa pande zote. Familia ilipata kifo safi, hospitali ilipata hesabu safi, na Daktari Liao alipata chakula chake cha mchana. Ambulensi ikitoka kwa lango la nyuma, yeye alitoka kwa lango la mbele, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha tambi, akaagiza bakuli kubwa na kulila mpaka chini. Mkewe alizitambua siku hizo kwa jambo dogo: mumewe alirudi nyumbani bila kuuliza kumepikwa nini. Naye hakumsemesha.

Baba yake Liao alikuwa mbeba mitungi kwenye kiwanda cha mchuzi wa soya kule Siluo. Mzee yule hakumwachia mwanawe shamba wala duka, alimwachia msemo: mtungi ulioharibika haufunuliwi mara mbili. Ukishanusa, funika, beba, peleka nyuma. Liao aliusomea udaktari wote na msemo huo kichwani, na ulimfaa. Upasuaji ni kazi ya kesho. Anayeibeba jana mkononi, kisu kitamtetemeka.

Ndipo akaja Kim-luan.

Alikuwa dalali wa vitunguu saumu kutoka Khebue, kijiji cha mwisho kabla ya bahari. Mjane, mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya shamba. Alianza kwa kuuza mafungu barabarani, na sasa hapakuwa na gunia lililotoka Khebue bila kupita mikononi mwake. Aliingia chumba cha daktari akiwa na macho ya manjano, nyuma yake binti yake Pi-yun, aliyeomba ruhusa kazini benki.

“Daktari, hebu nitazame,” akasema Kim-luan. “Wateja wanadhani nimekuwa paka.”

Liao alimtazama, akampima, na siku ya pili akamweleza. Kulikuwa na uvimbe kwenye kongosho. Ungeweza kukatwa. Baada ya kukata, kilichobaki lazima kiungwe na utumbo, na mahali pa kuungia ndipo penye shida.

“Unaunga kwa nini?”

“Kwa uzi.”

“Uzi naujua mimi. Nimefunga magunia maisha yangu yote. Unavuja?”

“Mara nyingine.”

“Mara nyingine ndiyo mara ngapi?”

Liao akamwambia, bila kupunguza wala kuongeza. Kim-luan akasikiliza kichwa kikiwa upande, kama anasikiliza bei.

“Ghali,” akasema. “Shusha kidogo.”

“Hii haishuki, mama.”

“Kila kitu hushuka. Lakini haya, hapo nakuona huna nafasi. Basi tupatane upande wa pili. Ukishindwa, unirudishe wewe mwenyewe. Sitaki kukabidhiwa dereva na kijana anayejifunza kazi. Mimi nikichukua kitunguu cha mtu kikaniozea ghalani, gunia namrudishia kwa mikono yangu, nikimtazama usoni. Na wewe je?”

“Mama, acha kumtania daktari,” akasema Pi-yun.

“Namtania nani? Nauza na yeye ananunua.”

Liao akacheka. “Sawa, mama. Nitakurudisha mwenyewe.” Alisema kama mtu anavyomwambia muuza samaki kwamba atapita kesho. Kim-luan akanyoosha mkono na wakashikana. Mwenzake bado alikuwa akicheka, yeye hakucheka.

“Imekwisha hiyo,” akasema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hilo ndilo lililomkera Liao baadaye kuliko yote. Juu ya mashine ya usingizi palikuwa na mfuko wa kijani wa bisi, hirizi ya hospitali za kule, ambao jina lake huiambia mashine itulie, na Sista Khong, nesi wake wa miaka mingi, alihakikisha tarehe yake haijapita. Hakuna aliyekuwa ameingia na nanasi, tunda ambalo jina lake huita kazi zije, hata kwenye mkoba. Liao alikata, akaunga, na alipomaliza mshono wa kongosho akainama kuutazama tena kwa raha zake, kama fundi cherehani anavyotazama shingo ya shati. Hakukumbuka kushona mwingine mzuri hivyo mwaka ule.

Siku chache baadaye Kim-luan akapata homa. Maji ya kwenye bomba la tumboni yakabadilika rangi. Kisha ikaja damu.

Walimfungua tena. Mshono ulikuwa umeachia. Maji ya kongosho yalikuwa yamekula pembeni mwake, na nyama imekuwa laini kama tofu iliyolala. Alipochoma sindano hapa, palichanika pale. Alibana mshipa mmoja, wa pili ukafunguka. Damu haikuja kwa nguvu. Ilipanda polepole tu, kama maji yanavyopanda kwenye shamba la mpunga, na kila alipoinyonya alikuta imerudi mahali pake.

“Nikupe uzi mwingine, daktari?” akauliza Sista Khong.

“Uzi si tatizo.”

“Najua. Nakuuliza tu ili uniambie nifanye nini.”

Mikono yote miwili ya Liao ilikuwa ndani ya mtu, na haikuwa na kazi. Alijaza vitambaa, akakandamiza, akasimama hivyo hivyo muda mrefu huku wenzake wakitazama vidole vya miguu yao. Mwishowe akamfunga na vitambaa vyake tumboni, wakampeleka kwenye mashine ya kupumulia. Akasubiri, kwa kuwa kusubiri ndiko kulikobaki. Kesho yake figo zikaacha kazi.

Pi-yun akaja akiwa na begi. Ndani yake mlikuwa na nguo za mama yake na viatu vipya.

“Tunamrudisha,” akasema.

“Sawa. Nitawaambia waandae gari.”

“Mama alisema unakuja naye.”

Liao alikuwa na visingizio tayari, na vyote vilikuwa vya kweli. Kliniki ilikuwa imejaa. Mkuu wa idara alikuwa ameshasema, “Mtume kijana, ndiyo kazi yao.” Alifungua kinywa. Pi-yun alisimama akimtazama bila kubembeleza na bila kulaumu, begi mkononi, kama mtu aliyefika dukani kuchukua kitu kilichokwisha kulipiwa. Liao akafunga kinywa na kuvua koti.

Basi mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, Daktari Liao alitoka kwa lango la nyuma.

Alikaa kichwani pa mgonjwa akiminya puto. Mkono ulikuwa umesahau kazi hiyo, ukachoka upesi. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Vitunguu vilikuwa vimelazwa mistari mistari kando ya barabara vikikauka, na harufu yake iliingia ndani ya ambulensi ikaifukuza ya dawa. Pi-yun alishika mkono wa mama yake kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Alikuwa akizungumza na baba yake mkubwa, Tsai Huo-tu, aliyekuwa akiwangojea mlangoni mwa kijiji. Alikuwa amefungua sauti ya simu ili mzee asikie walipofika.

“Mama, tunakata kona ya kinu cha mpunga,” akamwambia mama yake. “Mama, tunavuka daraja. Tufuate, usibaki nyuma.” Maana roho haioni madaraja mpaka iambiwe, na ile isiyoambiwa hubaki upande wa pili ikizunguka.

Walipokuwa katikati ya daraja la mto mkubwa, upepo ukitikisa gari, Liao alihisi chini ya kidole chake mshipa wa shingo ukitulia. Akangoja. Akabonyeza zaidi. Mstari wa mashine ulikuwa umelala.

Hapo kinywa chake kikafanya kazi bila kumwuliza. Ujanani, kwenye chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya Taipei, alifundishwa hivi: mshipa ukinyamaza, tazama saa, useme kwa sauti, wote wasikie. Hakujua kwa nini somo hilo lilimngojea miaka yote ile lije litoke siku hii. Alitazama saa yake.

“Saa nane na dakika kumi na saba,” akasema, kwa sauti ya kusikika vizuri. Na mkono ukaacha kuminya.

A-kui, dereva, aliondoa mguu kwenye mafuta. Gari likapungua mwendo lenyewe. Kwenye simu ikatoka sauti ya mzee.

“Amesema nini huyo?”

Pi-yun akaifunika simu kwa kiganja, ila alikuwa amechelewa.

Kule pwani kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, ndiyo maana haina mwanya: maiti baridi haiingii kijijini. Aliyefia nje hubaki nje. Hujengewa hema shambani, ibada hufanyiwa huko huko, na hatalala tena chini ya paa lake hata usiku mmoja. Watu wa mbali hucheka. Watu wa Khebue hawacheki, nao wana makaburi ya kukuonyesha.

“Daktari,” akasema Pi-yun. “Minya.”

“Dada, ameshakwisha. Pole. Mimi—”

“Sijakuuliza. Minya.”

Akaminya. Kifua cha Kim-luan kikapanda, kikashuka. Liao aliwahi kufanya kazi nyingi zisizo na faida katika maisha yake, nyingine akijua hazina faida, lakini katika zote hizo alikuwa akiudanganya ugonjwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya marehemu mwenyewe. Aliminya akimtazama usoni, kama alivyoahidi.

Khebue inaingiwa kwa njia moja tu, penye kijumba cha mungu wa ardhi. Pikipiki zilikuwa zimesimama pande zote mbili, na katikati ya barabara alikuwapo Tsai Huo-tu, mkono mmoja ukishika kofia isiruke. Alikuwa kaka wa marehemu mume wa Kim-luan, na pia mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Nyuma yake walikuwa majirani. Na nyuma ya majirani, shambani, mtu alikuwa ameshaanza kukunjua nguzo za hema la buluu.

A-kui akasimamisha gari na kufungua mlango wa nyuma. Huo-tu hakumtazama shemeji yake. Alimtazama Liao.

“Wewe ndiye daktari?”

“Ndiye mimi, mzee.”

“Nimesikia saa kwenye simu. Na hawa wote wameisikia. Ile saa ilikuwa ya nini?”

“Baba mkubwa, ilikuwa saa ya dawa,” akasema Pi-yun.

“Wewe nyamaza. Benki umefundishwa kusema uongo kwa karatasi, kwa mdomo bado.” Hakuondoa macho kwa daktari. “Nakuuliza wewe.”

“Mwache mwenzetu apite, Huo-tu,” mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma. “Asipokuwapo yeye, kitunguu chako kitanunuliwa na nani? Na mbu?”

“Sheria ni sheria,” mwingine akajibu. “Kwa A-liong ilikuwa sheria, kwa shemeji yake imekuwa ushauri?”

Huo-tu aliitikia kwa kichwa, taratibu, kana kwamba mtu yule amemtajia jina lake.

“Umesikia?” akamwambia Liao. “A-liong ni mwanangu. Aligongwa na lori pale kwenye kona ya kiwanda cha barafu. Ukisimama juu ya hilo gari lako utapaona. Mama yake alinilalia miguuni nimwingize, hata jikoni tu. Nikasema hapana. Alilala kwenye hema, hapo hapo wanapojenga sasa. Kwa hiyo unaona nilivyobanwa. Maiti siwezi kuiingiza. Anayepumua, huyo ni wa nyumbani, hata mimi sina uwezo wa kumzuia.” Macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono wa Liao uliokuwa ukiminya, yakapumzika hapo, yakapanda tena. “Wewe ni mtu wa elimu. Useme mbele ya hawa. Anapumua?”

Kifua kikapanda. Kikashuka. Liao aliona kwamba mzee amemfungulia mlango, tena kwa taabu, na kwamba hakuna mtu mwingine wa kuupitia. Ukweli ameshautoa darajani, mahali ambapo haukumfaa mtu. Sasa alitakiwa kuununua tena, na bei yake ilikuwa neno moja.

“Anapumua,” akasema.

“Na ile saa?”

“Nilikosea.”

Kila mtu pale alijua ni bidhaa gani imeuzwa, na kila mtu akainunua. Huo-tu akavaa kofia yake sawasawa na kusogea pembeni.

“Basi msimcheleweshe mgonjwa.”

Walimlaza ukumbini juu ya ubao, miguu mlangoni. “Mama, tumefika nyumbani,” Pi-yun akamwambia sikioni. Shangazi zake wakamvua nguo za hospitali, wakamvalisha zake, wakamvisha viatu vipya, wakimgeuza kwa upole na kumwomba radhi kwa kumgeuza, na muda wote huo Liao alizunguka nao akiminya. Kisha wakasogea nyuma, wakamtazama. Ilikuwa zamu yake. Aliondoa plasta, akautoa mrija.

Na wote wakakaa kumngojea Kim-luan afe.

Hilo Liao hakulifikiria. Alibaki amepiga magoti, mrija mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili shingoni mwa mtu aliyekwisha kupoa, na akaelewa kwamba inampasa kungoja na yeye. Lakini angoje kiasi gani? Mtu huchukua muda gani kufa nyumbani kwake? Hakujua. Alikuwa amewatuma wengi kwenye kumbi kama hii: mchinja nguruwe wa Huwei, mwalimu mwenye mabinti, kijana wa kiwanda cha taulo aliyeuliza kama ataweza tena kucheza mpira. Matumbo yao aliyakumbuka yote. Kumbi zao hakuwahi kuziona. Walipokuwa wakimaliza, yeye alikuwa kwenye kibanda cha tambi. Hakujua kwamba mbwa hutolewa nje kwanza. Hakujua kwamba mtu mmoja hushika miguu, wala kwamba birika huachwa lichemke jikoni bila mtu wa kwenda kulizima.

“Tayari?” Huo-tu akauliza, polepole.

Liao alifungua kinywa.

“Bado,” akasema.

Wakangoja. Birika likaendelea kulia. Mtu akakohoa.

“Tayari, daktari?”

“Bado.”

Hakuwa akiwadanganya tena. Neno lilikuwa limekwama. Alilitoa mara moja bila kuulizwa, na sasa lilipotakiwa halikuja. Watu walianza kubadilisha magoti. Huo-tu alimtazama, akaacha kuuliza. Ndipo Pi-yun akaja akachuchumaa pembeni yake, akaviondoa vidole vyake shingoni mwa mama, kimoja kimoja.

“Basi, daktari,” akasema. “Umemfikisha.”

Akainamisha kichwa mpaka sakafuni, na kilio kikaanza. Liao akasimama katikati ya vilio akiwa na mrija mkononi, hajui auweke wapi.

Kurudi, A-kui alimkalisha mbele. Walipofika mjini akasimamisha gari mbele ya kibanda cha tambi bila kuulizwa. Kumbe hospitali nzima ilijua. Mabakuli mawili yakaja. Liao akalitazama lake mpaka mafuta yakaganda juu.

“Kula, daktari,” akasema A-kui. “Njaa haimrudishi mtu.”

“Kula wewe.”

A-kui akala yote mawili.

Kila Jumatano madaktari wa upasuaji hukutana kuwahesabu wagonjwa waliopatwa na shida. Mkuu wa idara alipofika kwa Kim-luan alisema mshono ulivuja, jambo linalotokea, na mgonjwa ameruhusiwa kwa matakwa ya familia. Akataka kuendelea.

“Alifia darajani,” akasema Liao.

“Nani kafia darajani?”

“Kim-luan. Nilikuwapo.”

“Liao, sisi tunamhesabu mtu mpaka langoni. Langoni alikuwa hai.”

“Mshono ulikuwa wangu.”

“Na nani kasema ni wa mwingine? Kaa chini.”

Akakaa. Alikuwa tayari kulipa, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kupokea. Hospitali ilimhesabu Kim-luan mzima. Kijiji kilimhesabu aliyefia ukumbini, vizuri, na viatu miguuni. Familia haikushtaki, ilimletea kitunguu. Kilichotokea darajani hakikuwa na mwenyewe, kikabaki kwake.

Hakuacha kazi. Watu kama yeye hawaachi. Kuna karo, kuna mkopo wa nyumba, na isitoshe hajui kufanya kingine. Ila alianza kukwepa. Makongosho aliwaachia vijana, kisha maini, kisha tumbo lolote lenye kuungwa. Akabaki na ngiri, bawasiri na vijiwe vya nyongo. Hata huko, alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

“Hilo limetosha, daktari,” Sista Khong alimwambia. “Hata likining'inizwa ng'ombe halifunguki.”

“Moja tu.”

“Ulisema moja tu kwenye lile.”

Mkono wake wa kulia ulikuwa umepata tabia. Alipotulia, kwenye meza ya chakula au mbele ya televisheni, ulikuwa ukijifunga na kujifungua wenyewe, taratibu, kwa mwendo wa pumzi ya mtu aliyelala. Mkewe aliuona. Siku moja aliufunika kwa mkono wake, nao ukaendelea chini yake. Akauachilia. Alimwuliza, baada ya miaka yote ile, “Unataka kuniambia?” Liao akasema, “Kumepikwa nini?” Mkewe akaenda jikoni.

Msimu uliofuata wa kuvuna, Tsai Huo-tu aliingia kliniki yake akiwa na gunia dogo begani. Alikuwa amekonda. Aliliweka gunia sakafuni, akakaa bila kukaribishwa, akatoa bahasha ya picha kutoka hospitali nyingine. Liao akazitazama kwenye mwanga. Tumbo. Uvimbe mkubwa, ila bado unakatika.

“Mzee, hii mimi siifanyi siku hizi.”

“Nimesikia.”

“Nenda Taichung. Nitakuandikia barua. Kule kuna mikono mizuri kuliko wangu.”

“Sibishi. Taichung ni mbali.”

“Ni saa moja na nusu tu.”

“Madaraja ni mengi,” akasema Huo-tu.

Liao akaziweka picha mezani.

“Mzee wangu, unataka nikuponye au nikurudishe?”

“Kuponya mnajaribu wote, na mnaweza mnavyoweza. Hapo sina ubishi na mtu. Lakini nikienda Taichung nikaharibikiwa, nitapewa kijana mwenye simu mkononi, aangalie saa, aseme. Kijiji chetu kimeshazungumza. Tukipasuliwa, tunapasuliwa na yule wa Kim-luan.” Akavuta kiti karibu. “Wewe uliminya mpaka ndani. Ulisema bado, bado, mpaka binti mwenyewe akaridhika. Mwanangu hakumpata mtu wa kumsemea bado.”

“Nilimuua mimi, mzee. Mshono wangu ndio uliovuja.”

“Najua. Pi-yun ametuambia.” Alisema kama anavyoambiwa mtu kwamba mvua inaweza kunyesha. “Ndiyo maana nakuja kwako. Nakijua kitunguu chako kilivyo.”

Liao alitafuta neno la kukataa. Alilitafuta kwa bidii. Alikuwa na haki nalo, na lilikuwa la kweli, na lilikuwa la kumwokoa mzee labda. Sifa aliyoijenga kwa miaka yote ya kuponya watu ilikuwa haipo tena. Waliomjia sasa walimjia kwa kile alichoshindwa, na huwezi kumfukuza mteja wa namna hiyo, maana hajakuuliza unachokiweza. Juu ya meza mkono wake ulikuwa ukijifunga na kujifungua.

Huo-tu aliutazama kidogo. Kisha akafungua gunia, akachagua kichwa kimoja cha kitunguu saumu, kikubwa, kikavu, akakiweka ndani ya kiganja kile.

“Shika kitu,” akasema.

Vidole vikakifunga. Maganda yakalia kidogo, kisha kimya. Liao alikaa hivyo, na kwa mkono wa kushoto akavuta kalenda.

“Siku gani inakufaa?”

“Yoyote isiyo na mvua,” akasema Huo-tu. “Barabara yetu huharibika.”